Masista wamempokea binti yangu, lakini mtoto wamemkataa

BARUA

Tumsifu Yesu Kristo, Sista.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 44, naishi Rombo mkoani Kilimanjaro. Ni mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, kigangoni kwetu, na mwezi huu wa Oktoba ndiye ninayeongoza Rozari nyumba kwa nyumba katika jumuiya yetu. Naandika usiku, nyumba nzima imelala.

Mapema mwezi Agosti nilipigiwa simu na shule anakosoma binti yangu wa pili. Yuko kidato cha tatu, ana miaka 17. Mwalimu hakusema mengi, alisema tu niende nikamchukue. Mimba ilikuwa ya miezi minne.

Mume wangu anafanya kazi Arusha. Nilipomweleza alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema asimkute nyumbani kwake. Mama mkwe anasema tangu aolewe kihamba hiki, shamba letu la ukoo, hakijapata aibu ya namna hii. Katekista alinipa pole kama ya msiba. Mke wa shemeji yangu, tunayekaa naye kihamba kimoja, aliniletea vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Akaniambia, "Mpe Ijumaa, Jumatatu mambo yameisha, na hakuna atakayejua."

Sista, nilivipokea. Nikavitia kwenye mkoba wangu wa kanisani, mfuko ule ule ninaowekea rozari. Siku tisa nilitembea navyo. Kila nilipoingiza mkono kutoa rozari, vidole vilikuwa vinagusa kile kikaratasi kwanza. Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15, nilikwenda Misa na sare yangu ya WAWATA, lakini sikukomunika. Sikumpa vile vidonge. Ila mpaka leo sijavitupa. Sijui kwa nini.

Mwishoni mwa Agosti nikaenda kwa masista walio mbali kidogo na kwetu, ambao nasikia huwapokea wasichana wa namna hii. Niliwaomba mambo mawili. Wakae na binti mpaka ajifungue ili watu wasimwone, na akishajifungua wamchukue mtoto, kwa kuwa masista wana vituo vya watoto. Sista mkubwa wa nyumba ile alinisikiliza vizuri, akaniletea chai, halafu akasema, "Binti tutakaa naye. Mjukuu wako hatumchukui." Akaongeza sharti: niende kila Jumamosi, nilale na binti, niondoke Jumapili baada ya Misa. Tangu hapo nimekwenda mara mbili tu.

Nimeumia sana. Masista ndio wanaotufundisha kila mwaka kwenye mafungo kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, kwamba tumwige Bikira Maria, kwamba mtoto asikataliwe. Nimesoma kwamba Mama Teresa alisema kama humtaki mtoto, usimwue, mpe yeye. Sasa mimi nimeutunza uhai, sikuutoa, nimewapelekea, wanasema hawamchukui. Huo si unafiki? Watu wameshaanza kuniuliza binti yuko wapi, nasema yupo kwa shangazi yake. Nikiongoza Rozari sauti inakatika. Nafikiria kujiuzulu uenyekiti. Nifanye nini?

Mama wa Rombo


JIBU

Milele amina, mama yangu.

Kwanza vile vidonge. Ukimaliza kusoma sentensi hii, nyanyuka ukavitupe chooni. Usingoje kesho, na usimrudishie aliyekuletea, maana atampa mwingine. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi wodi ya wazazi zaidi ya miaka 20, na nimewapokea wasichana walioletwa usiku kwenye pikipiki, wamefungwa kanga mbili na zote zimelowa damu. Wapo tuliowawahi, wapo ambao hatukuwawahi. Aliyekuambia Jumatatu mambo yameisha hajawahi kuifikia hiyo Jumatatu pamoja nao.

Unasema hujui kilichokuzuia siku zile tisa. Mimi sikuwapo, lakini umeniandikia mwenyewe kwamba mkono wako ulikuwa unaingia mkobani kutafuta rozari. Ulikuwa umevibeba vyote viwili, na kila siku ulitoa kimoja ukakiacha kingine. Nenda kaungame kwamba ulivipokea na kuvitunza. Ni ungamo fupi. Na kwa kuwa najua barua hii inasomwa pia na ambaye yeye alivimeza, au alimpa mwanawe akameza, naye nimwambie: padre yeyote mwenye ruhusa ya kuungamisha anaweza kukuondolea dhambi hiyo. Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo huo moja kwa moja mwezi Novemba 2016. Na Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa Injili ya Uhai wa mwaka 1995, waraka ule unaotetea uhai kuliko mwingine wowote, aliwageukia wanawake waliotoa mimba na kuwaambia wasikate tamaa. Aliwasemesha kama baba anavyowasemesha wanawe. Na wewe mama, uliyeishia kuvibeba tu, ungama, urudi kukomunika.

Sasa nije kwa masista na mjukuu wako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ndani yake anaongea mume wako, anaongea mama mkwe, mke wa shemeji, katekista, mwalimu, sista. Hata Mama Teresa anaongea. Binti yako haongei. Hakuna neno hata moja lililotoka kinywani mwake, na jina lake halimo. Tumbo limo, miezi imo, darasa limo. Nilipogundua hivyo niliacha kuisoma nikaenda kanisani kukaa kidogo, kwa sababu nilielewa yule sista aliona nini siku ile alipokuletea chai. Aliona mama mwenye uchungu wa kweli, aliyekuja kuomba mambo yote isipokuwa binti wake.

Unauliza kama ni unafiki. Acha nikueleze sisi tunavyoishi, halafu uamue.

Katika nyumba nyingi za masista kengele ya Malaika wa Bwana hugongwa mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni. Aliye jikoni anaacha mwiko, aliye shambani anaegemea jembe. Tunasema: Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria, naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Mara tatu kwa siku, mama, wanawake walioweka nadhiri ya useja wanasimama wima na kutaja mimba. Jioni katika Masifu tunaimba wimbo wa Maria, Moyo wangu wamwadhimisha Bwana, nao ni wimbo aliouimba akiwa mjamzito, mbele ya mjamzito mwenzake. Tukishika rozari tunasema mara 50 "Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa." Nilipokuwa mnovisi, bado najifunza utawa, niliyasema maneno hayo kwa mazoea tu. Miaka michache baadaye nilipewa kile kipembe cha kusikilizia, nikaweka sikio kwenye tumbo la mama mmoja aliyetembea toka alfajiri, nikasikia moyo mdogo unakimbia kama cherehani. Tangu siku ile sijaweza kulisema neno "tumbo" kwenye Salamu Maria bila kupunguza mwendo.

Ndiyo maana masista wengi wenye kumpenda Bikira Maria huishia kwa wajawazito. Ibada yenyewe inakupeleka huko. Angalia alichofanya Maria mara tu malaika alipoondoka. Luka anasema "akaondoka siku hizo, akaenda hata nchi ya milimani kwa haraka." Toka Nazareti hadi milima ya Yuda ni zaidi ya kilomita 100, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba changa. Alikwenda kwa Elisabeti, ambaye malaika alisema mwezi ule ulikuwa wa sita kwake. Akakaa naye kama miezi mitatu. Luka hasemi Maria alimchukua Yohane akaenda kumlea Nazareti. Alikwenda nyumbani kwa mwenye mimba, akamsalimu, akakaa. Kisha akarudi kwake, na mtoto akabaki na mama yake. Binti yako Oktoba hii yuko mwezi wa sita, na nyinyi mpo milimani.

Sista yule alikuambia kwa maneno mafupi jambo hilo hilo, na pengine ulikuwa umechoka mno kulisikia. Kumtetea mtoto aliye tumboni ni kumtetea na mama aliyembeba, wote wawili kwa pamoja. Ukimpokea mmoja kwa sharti la kumpoteza mwingine, umeokoa nusu.

Mama Teresa kweli alisema hivyo. Aliyasema Washington mwezi Februari 1994, mbele ya rais wa Marekani: msimwue mtoto, nipeni mimi. Hata sari yake nyeupe ina mistari ya buluu kwa heshima ya Bikira Maria, na sisi Tanzania tuna fahari ya pekee, kwa kuwa nyumba yao ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa Tabora mwaka 1968. Lakini mtoto aliyekuwa akimzungumzia ni yule ambaye hana mikono mingine, ambaye akiachwa anakufa. Mjukuu wako ana mama. Ana bibi mwenye miaka 44 anayeweza kubeba mkungu wa ndizi toka bondeni. Ana migomba, na nadhani ana ng'ombe wa maziwa, maana sijaona kihamba cha Rombo kisicho na ng'ombe. Kumpeleka kituoni ni kumfanya yatima mtoto ambaye watu wake wote wako hai.

Pwani yetu inayo kumbukumbu ya watoto wasio na mtu. Mwaka 1860 walishuka Zanzibar masista walioitwa Mabinti wa Maria, wametoka kisiwa cha Réunion pamoja na Padre Fava. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani kwao, na waliwapokea humo kama masista wanawake waliokuwa watumwa. Fikiria hilo kwa wakati ule, aliyekuwa mtumwa na aliyezaliwa huru wanavaa vazi moja na kusali rozari moja. Wakaja huku, wakauguza wagonjwa na kuwalea watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Waliwapokea wale watoto kwa sababu mama zao walikuwa wameuzwa kwingine au wamefia njiani. Walichukua mahali pa mama aliyenyang'anywa. Hawakumnyang'anya mtu.

Na kwa siku hizi zetu, liko shirika la Masista wa Uhai, lililoanzishwa New York mwaka 1991 na Kardinali John O'Connor. Pamoja na nadhiri tatu za kawaida, wao huweka ya nne, kulinda uhai wa binadamu. Nadhiri hiyo inaonekanaje siku ya Jumatano asubuhi? Inaonekana katika nyumba yao ya utawa, ambako wajawazito wasio na pa kwenda wanaishi pamoja na masista, wanakula meza moja, na wanabaki humo na watoto wao baada ya kujifungua. Wanampa mama kitanda ili asilazimike kumwacha mtoto. Nadhani sista wako wa kule anafanya kitu kile kile kwa Kiswahili na kwa uji wa ulezi.

Sitaki kuwatetea masista wote, maana nasi tuna deni. Ziko shule za Kanisa ambazo kwa miaka mingi ziliwapima wasichana mimba getini, na aliyekutwa nayo alirudishwa nyumbani na sanduku lake kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi ile ile tulikuwa tumesali Malaika wa Bwana. Msichana aliyefukuzwa namna hiyo anajua njia mbili tu, kwa baba anayemwogopa au kwa mwenye vidonge. Tulihubiri uhai kwa mdomo na kwa mkono tukafungua lango. Hilo nalisema kwa huzuni, na nalisema ili ujue kwamba sista aliyekuwekea sharti la Jumamosi amejifunza kitu ambacho wengine wetu tulichelewa kujifunza.

Kuna jambo la kwenu ambalo unalijua kuliko mimi. Wachagga mna desturi ya mzazi kukaa ndani miezi mitatu. Halimi, habebi kuni, anapikiwa mtori na kitawa, vyakula vyenu vya ndizi, anapakatiwa mtoto, anarudishiwa nguvu. Miezi mitatu, kama ile ya Maria kwa Elisabeti. Mimi si mtu wa Kilimanjaro, na mara ya kwanza nilipoiona desturi hiyo nilipokuwa nimepangiwa hospitali ya huko niliona wivu kwa ajili ya mama zetu wa kwetu, ambao siku ya nne wako shambani. Nani atampikia binti yako mtori? Masista watampa chakula kizuri, sina shaka. Lakini mtori wa mzazi hupikwa na mama yake au mama mkwe wake. Mama mkwe hana. Umebaki wewe.

Nikuambie kitu kimoja cha wodini. Nilipoanza kazi saa ya ukutani ilikuwa mbovu, na sista mzee aliyenifundisha ukunga hakuihitaji. Alimwekea mama mkono tumboni na kuanza Salamu Maria, polepole, kwa sauti ambayo mama angeweza kuifuata. Uchungu wa mwanzo ulikwisha kabla hajafika "utuombee sisi wakosefu." Uchungu ukikomaa ulichukua Salamu Maria tatu nzima, na hapo alinitazama nikajua nichemshe maji na kuandaa kitanda. Leo tuna saa na tuna fomu za kujaza, na ni vizuri ziwepo, lakini nami bado nahesabu hivyo. Nimeona wanawake wa kila dini wakishika mdundo ule wa sauti hata bila kujua maneno. Nikimfikiria msichana wa miaka 17 kwenye kitanda kile mwezi Januari, sauti anayostahili kuisikia ikimhesabia si ya kwangu wala ya sista yeyote. Wewe umeongoza Rozari miaka mingapi? Sauti hiyo unayo.

Mengine nitayagusa kwa ufupi, ila usiyapuuze.

Aliyempa mimba. Umeandika kurasa nne na mwanamume huyo hayumo. Binti ana miaka 17 na ni mwanafunzi. Sheria ya Elimu inasema anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30. Inawezekana ni kijana mwenzake, inawezekana ni mtu mzima, inawezekana alilazimishwa na ameogopa kusema. Muulize ukiwa peke yako naye, bila hasira, na umwamini. Kisha mwendeni ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Msikubali mtu aje na mbuzi na debe la mbege mmalizane kifamilia.

Afya yake. Wasichana wa umri huu wako hatarini zaidi kupata kifafa cha mimba, na wengine nyonga zao hazijakomaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio ya kliniki yasiyopungua manane, kwa hiyo ulizia amefikisha mangapi na kama anameza vidonge vya kuongeza damu. Akiumwa kichwa kisichotulia, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ajifungulie hospitalini.

Shule. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito arudi shuleni ndani ya miaka miwili. Mwambie hilo Jumamosi hii. Kuna wasichana wanaolia usiku kwa ajili ya daftari zao kuliko kwa ajili ya kitu kingine chochote.

Ubatizo. Mtoto atabatizwa. Kanuni za Kanisa zinadai mzazi mmoja aridhie na kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Bibi mwenyekiti wa WAWATA ni tumaini la kutosha. Mwezi Mei 2013 Papa Fransisko aliwakemea kwa ukali wahudumu wa Kanisa wanaomfungia mlango mama asiye na ndoa anayeleta mtoto wake abatizwe. Ukipata kikwazo, nenda kwa paroko mwenyewe kwa upole, na uende tena.

Kama binti mwenyewe, akiwa ametulia na bila kushinikizwa, atasema hawezi kumlea, kuna njia ya halali ya kuasili kupitia ustawi wa jamii na mahakama, nayo ni njia ya heshima. Lakini uamuzi huo hauwezi kuanzia kwa wewe kuogopa majirani.

Uenyekiti. Usijiuzulu kwa sababu ya mimba ya binti. Ukijiuzulu utawafundisha wanawake wote wa kigango kwamba mimba ya binti ni ya kuficha, na yule mwenye vidonge atapata wateja. Ila uongo wa shangazi uuache. Waite wanawake wawili watatu unaowaamini katika jumuiya, uwaambie wewe mwenyewe kabla hawajaambiwa. Utashangaa ni wangapi watakaokuambia, "Mama mwenyekiti, hata mimi." Kisha muombe makamu wako akushikie Jumamosi zako mpaka Februari.

Mume wako ndiye jambo gumu, na sitajifanya nina dawa. Mwanamume aliyenyamaza mpaka ukadhani simu imekatika hakuwa amekosa la kusema. Alikuwa analia bila kutaka usikie, au alikuwa anajiuliza alikuwa wapi. Usimjibu kwa simu. Panda basi uende Arusha, au umngoje Krismasi akipanda nyumbani kama wanavyopanda wanaume wote wa Rombo. Mtafute msimamizi wa ubatizo wa binti, au mzee mmoja wa ukoo anayemheshimu, mkae naye watatu. Mkumbushe Yusufu. Simfananishi binti yako na Bikira Maria, ambaye hakuwa na doa, lakini Yusufu kabla ya ile ndoto alidhani anayajua yote na alikuwa ameshaamua kuachana na Maria kwa siri. Akalala na uamuzi wake, akaamka akafanya kinyume chake. Mume wako naye anaruhusiwa kuamka na kubadili neno lake, na wewe usimhesabie lile la kwanza.

Jumamosi hii nenda. Chukua ndizi mshare, zile za mtori, na kipande cha nyama chenye mfupa, uombe jiko la masista wakuachie upike mwenyewe. Usimwulize chochote mpaka amalize kula. Usiku lala naye kitanda kimoja kama kinatosha. Kufikia mwezi wa sita mtoto anacheza sana mama akishatulia, hasa saa za usiku, na binti akikuruhusu weka mkono. Nadhani hujawahi kumgusa tumbo. Halafu mkisali, msali fungu moja tu la Rozari, tendo la pili la furaha, lile la Maria kumtembelea Elisabeti, na yeye aongoze.

Niandikie akijifungua, uniambie jina la mtoto. Na katika barua hiyo niandikie pia jina la mama yake. Sitalichapa. Nataka kulitaja kwenye Rozari yetu hapa nyumbani, na masista wenzangu wameshaniuliza anaitwa nani.